Pumzi Mbili Katika Kifua Kimoja

Hotuba hii niliitoa Iringa mjini mbele ya matabibu, wauguzi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na wagonjwa wa pumu pamoja na ndugu zao. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya wale ambao mvua na barabara ya Makete viliwazuia kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha, kwa kuwa hazikuongeza kitu.

Ndugu mwenyekiti, waganga wafawidhi mliotoka Kilolo na Mufindi, matabibu wenzangu, wauguzi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na ninyi mnaoishi na pumu ambao ndio mlionifundisha kazi hii: kamwene! Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie udhibiti wa pumu. Ni uwanja mpana, nami nitasimama kwenye kona yake moja tu, kona ambayo ilinichukua miaka mingi kuiona ingawa ilikuwa ikikaa mbele yangu kila siku ya kliniki. Ni hii: mtu mwenye pumu anaweza kukosa pumzi kwa sababu isiyo pumu. Tusipolitambua hilo tunampima vibaya, na tukimpima vibaya tunamtibu vibaya.

Tunajuaje kwamba pumu ya mtu imedhibitiwa? Tunamuuliza. Mpango wa kimataifa wa pumu unaojulikana kwa kifupi kama GINA, ulioanzishwa mwaka 1993, unatuelekeza kuuliza maswali manne kuhusu wiki nne zilizopita: je, umepata dalili mchana zaidi ya mara mbili kwa wiki? Je, pumu imekuamsha usiku? Je, umehitaji dawa ya kutuliza, hii inhela ya bluu, zaidi ya mara mbili kwa wiki? Je, pumu imekuzuia kufanya shughuli zako? Lipo pia dodoso la maswali matano ambalo wengi wenu mnalitumia, linalotoa alama kuanzia 5 hadi 25. Mgonjwa akipata 20 au zaidi tunasema pumu imedhibitiwa vizuri, akipata kati ya 16 na 19 haijadhibitiwa vizuri, na akipata 15 kushuka chini hali yake ni mbaya.

Sina ugomvi na maswali hayo. Ni ya bei ya karatasi, yanajibiwa wakati mgonjwa bado yuko kwenye benchi, na katika zahanati isiyo na spirometa, ile mashine ya kupima mapafu, ndiyo tuliyo nayo. Lakini hebu yasomeni tena polepole. Kila swali linauliza mgonjwa amehisi nini au amefanya nini kwa sababu ya alichohisi. Hakuna hata moja linalouliza njia za hewa zenyewe zikoje. Tunasikiliza mlio wa ng'ombe, kisha tunaandika kwamba tumemwona.

Niwasimulie habari ya mama mmoja, mwalimu wa darasa la pili. Alikuja kliniki mara nne ndani ya miezi sita, na mara zote nne alama zake zilikuwa chini ya 15. Nami nikafanya kile nilichofundishwa. Nikapandisha dozi ya beklometasoni, ile dawa ya kuvuta ya kuzuia pumu. Alipokuja tena nikaipandisha tena. Mara ya tatu nikamwandikia vidonge vya predinisoloni, steroidi ya kupunguza uvimbe wa njia za hewa. Mara ya nne aliingia akiwa na sauti iliyokwaruza, kwa sababu dawa ya kuvuta ikiwa nyingi huweza kukausha sauti, na mwalimu wa watoto wadogo asiye na sauti ana nini tena? Inhela ya bluu alikuwa akiivuta mara nne, tano kwa siku, moyo unamwenda mbio, na chaki, alinieleza, ilikuwa ikimtetemeka mkononi mbele ya watoto. Pumu haikumwachia. Nilikuwa tayari kumpa rufaa kwenda Dodoma.

Kilichonizuia ni daftari lake. Miezi kadhaa nyuma nilimwazima kile kifaa cha kupimia kasi ya pumzi, pikifloo, nikamwambia apime asubuhi na jioni. Ninyi mnajua wagonjwa wengi huleta tarakimu tatu walizoziandika wakiwa njiani. Huyu ni mwalimu. Alikuwa amepiga mistari kwa rula na kalamu nyekundu, asubuhi upande mmoja na jioni upande mwingine, kwa wiki mbili bila kuruka hata siku: 390, 400, 395, 390, 400, 400. Kwa mwanamke wa urefu na umri wake hizo ni tarakimu nzuri, na zaidi ya uzuri wake, zilikuwa zimetulia. Pumu isiyodhibitiwa haitulii namna hiyo. Hupanda na kushuka, na mara nyingi asubuhi huwa chini kuliko jioni; kwa mtu mzima tofauti ya wastani inayozidi asilimia 10 kati ya asubuhi na jioni ndiyo inayotufanya tusimame na kutazama. Yake haikufika hata nusu ya hapo.

Ndipo nikarudi kwenye dodoso lake, na safari hii sikuangalia jumla. Niliangalia swali moja moja. Alikuwa na alama 13. Kukosa pumzi: alama 1, yaani zaidi ya mara moja kwa siku. Kutumia dawa ya kutuliza: alama 1. Kazi: 3. Maoni yake mwenyewe: 3. Na usiku? Alama 5. Usiku alikuwa analala fofofo hadi jogoo wa jirani. Sasa, ndugu zangu, ninyi wenye pumu niambieni: pumu inayombana mtu mara tano mchana, ikifika saa tisa ya usiku humwacha alale? (Hapa ukumbi ulijibu kwa sauti moja.) Basi jibu hilo mlilonipa sasa lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi mbele yangu kwa miezi sita, nami nilikuwa nikijumlisha.

Nikamshika kifundo cha mkono kana kwamba ninahesabu mapigo ya moyo, maana mtu akijua unahesabu pumzi zake hubadilisha namna anavyopumua. Nikahesabu pumzi. Zilikuwa 24 kwa dakika, naye ameketi, hana homa, hajapanda ngazi. Mabega yalikuwa yakipanda na kushuka, tumbo limekaza kama ngoma. Kila baada ya nusu dakika alishusha pumzi ndefu, ile ya mtu aliyepokea habari za msiba, kisha akaendelea kuzungumza hadi pumzi ikamwishia katikati ya sentensi, akameza hewa kwa mdomo, akaendelea. Nilipomsikiliza kwa stetoskopu, kifua kilikuwa safi. Nilipomuuliza juu ya vidole akashangaa nimejuaje: vilikuwa vinamfa ganzi, na pembeni mwa midomo kunamchonyota. Alikuwa pia akipiga miayo mfululizo kwenye vikao vya walimu, jambo ambalo mwalimu mkuu alilichukulia kuwa dharau.

Ninaomba tukae kidogo hapa kwenye lugha, kwa sababu Kiswahili chetu kinatufichua na pia kinatuficha. Mgonjwa akisema “kifua kinabana”, amesema nini? Amesema pumu, amesema moyo, amesema kichomi, amesema ada ya mtoto haijalipwa. Yote hubana kifua. Inatupasa tumwombe aongeze neno. Wengi ambao pumu ndiyo inayowabana hutaja mlio wa filimbi, hutaja kikohozi cha usiku, hutaja vumbi, moshi wa kuni au baridi. Wale ambao upumuaji wao umevurugika mara nyingi husema “pumzi haishuki”, “navuta lakini haifiki mwisho”, “inabidi nipige mwayo ndipo niridhike”. Sisemi hiyo ni kanuni, kwa sababu hata pumu yenyewe ikinasa hewa ndani ya mapafu huleta hisia hiyo hiyo. Ninasema tu kwamba neno moja la nyongeza lina thamani kuliko dozi moja ya nyongeza.

Ni nini kinachotokea ndani ya mtu wa namna ile? Anapumua kuliko mwili wake unavyohitaji. Oksijeni haiongezeki kwa maana yoyote, kwa kuwa damu tayari ilikuwa imeijaa. Kinachobadilika ni kaboni dayoksaidi, ambayo hufukuzwa mno. Hewa hii tumezoea kuiona kama uchafu wa kutupwa, lakini kiwango chake katika damu ndicho kinachoshikilia mizani ya asidi. Kikishuka, kalsiamu iliyo huru katika damu nayo hupungua, neva zinakuwa nyepesi kuchokozwa, vidole na midomo vinachonyota, mishipa ya damu ya ubongo inasinyaa na kichwa kinakuwa chepesi. Mtu huyo anahisi nini? Anahisi hapati hewa. Kwa hiyo anafanya nini? Anavuta zaidi! Na kwa kuwa anavuta zaidi kabla ya kutoa ile ya kwanza, anapumua juu ya pumzi, kifua kimejaa na hakina mahali pa kuweka nyingine.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1871 daktari Mmarekani Jacob Mendes Da Costa aliandika juu ya askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani waliokuwa wakikosa pumzi na kupigwa na moyo bila ugonjwa wa moyo kuonekana, na wengi waliokuja baadaye wameona katika maelezo yake upumuaji wa aina hii. Kwa upande wa pumu, mwaka 2001 yalichapishwa Uingereza matokeo ya wagonjwa 219 wa kliniki moja ya kawaida waliokuwa wakitibiwa pumu. Walijaza dodoso lililotengenezwa Nijmegen, Uholanzi, lenye maswali 16. Wagonjwa 63 kati yao, karibu theluthi moja, walifikia alama 23, kiwango kinachotia shaka ya upumuaji uliovurugika, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume.

Lakini ngojeni kidogo kabla hamjalishangilia dodoso hilo. Miongoni mwa maswali yake 16 limo la kubanwa kifua, limo la kukosa pumzi, limo la kushindwa kuvuta pumzi ndefu. Mwenye pumu kali isiyotibiwa atajibu nini? Atajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Yaani dodoso la pumu linamnasa asiyebanwa na pumu, na dodoso la upumuaji linamnasa anayebanwa na pumu kwelikweli. Karatasi mbili, kila moja ina macho ya mwenzake. Ndiyo maana mimi silitumii kutoa hukumu; linanisaidia kuanzisha mazungumzo.

Nami nimekwisha kuadhibiwa kwa kutoa hukumu. Baada ya yule mwalimu, nilikuwa kama mtoto aliyefundishwa neno jipya: nililiona kila mahali. Akaja kijana anayefanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, Mufindi huko, anapumua haraka, vidole vina ganzi, na katika kujieleza akataja kwamba ameambiwa huenda kazi yake ikakatwa. Nikajiambia, huyu ni wasiwasi. Nikamfundisha kupumua polepole kwa pua, akatulia kiasi, nikamruhusu. Pikifloo ilikuwa kwenye droo, umbali wa mkono wangu. Sikuifungua droo.

Usiku ule ule aliletwa kwa bodaboda, amekaa katikati, ndugu yake amemkumbatia kwa nyuma asianguke. Hakuweza kusema maneno matatu. Nikaweka stetoskopu na, Mungu anisamehe, kwa sekunde moja nikafurahi kwa kuwa sikusikia filimbi. Kifua kilikuwa kimya. Matabibu mlio hapa mnajua ukimya huo ni nini: hewa inayopita ni kidogo kiasi kwamba haitoshi hata kupiga filimbi. Alipewa oksijeni, salbutamoli (dawa ya ile inhela ya bluu) mfululizo na steroidi, na kufikia alfajiri akaomba chai. Angeweza kutoiomba.

Nilikosea wapi? Nilisahau kwamba mtu anayebanwa na pumu ya kweli naye hupumua haraka, naye mwanzoni hufukuza kaboni dayoksaidi, na vidole vyake huweza kufa ganzi vilevile. Ganzi ya vidole inaeleza namna mtu anavyopumua. Haielezi kwa nini. Tena mtu kuwa na wasiwasi si ushahidi kwamba hana pumu, kwa sababu ni nani atakayekosa pumzi asiwe na wasiwasi? Kwa hiyo nawaomba mfuate mpangilio huu, wala msiugeuze: pumu kwanza. Pima kasi ya pumzi, sikiliza kifua, tazama kama anamaliza sentensi, mpe dawa ya kutuliza kisha upime tena. Na ile desturi ya kumpa mtu apumulie ndani ya mfuko wa karatasi, iacheni kabisa kwa mwenye pumu. Mfuko unapunguza oksijeni, na huenda ndiyo anayoihitaji.

Kuna fumbo la tatu nitalipitia kwa haraka, la binti mwanariadha aliyekuwa akijiandaa na UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, katika mbio za mita 800. Alipewa inhela shuleni, haikumsaidia, akaitwa mwenye pumu sugu. Nilimwomba akimbie uani pale kliniki. Mlio wake ulitoka wakati wa kuvuta hewa, si wakati wa kuitoa, ulitoka kooni, na mkono wake ulikwenda kooni wala haukwenda kifuani. Aliposimama, dakika chache baadaye yote yalikwisha, ilhali pumu ya mazoezi kwa kawaida huzidi kukaza dakika kadhaa baada ya mtu kusimama. Nyuzi za sauti, ambazo zinapaswa kufunguka tunapovuta hewa, zilikuwa zikijifunga. Kuthibitisha hilo kunahitaji daktari wa koo na kamera yake, na hapo rufaa ni halali. Lakini kulishuku kunahitaji uwanja na masikio tu.

Sasa msije mkatoka hapa mkidhani kuna wagonjwa wa pumu upande huu na wapumuaji vibaya upande ule. Wengi wanavyo vyote viwili, na viwili hivyo vinalishana. Chukueni asubuhi ya mwezi wa saba kule Njombe au Makete, jani lina barafu. Mtu anayepumua kwa pua huipasha hewa joto na unyevu kabla haijafika kwenye mapafu. Anayehema kwa mdomo huimwaga ikiwa baridi na kavu moja kwa moja kwenye njia za hewa, njia zikakauka, na kwa mwenye pumu zikabana kwelikweli. Upumuaji mbaya umeiita pumu, pumu inaleta hofu, na hofu inaharakisha upumuaji. Yule mwalimu wangu ndivyo alivyoanza: mwaka uliotangulia, katika baridi kali, alishikwa na pumu iliyomlaza usiku mzima kwenye oksijeni, na tangu usiku huo kifua chake hakikuacha kukaa lindo. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Nanyi wa Mufindi mnajua kwamba ukungu unaweza kuifunika chai wiki nzima tone lisidondoke, na mnajua pia kwamba siku ikinyesha, ukungu ulikuwapo.

(Na kwa mgeni anayetoka Dar es Salaam akapanda jiwe la Gangilonga akihema: huyo msimwandikishe kliniki. Tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Mpeni muda na maji ya kunywa.)

Je, tufanye nini mgonjwa anapoleta alama mbaya? Kabla ya yote mwambie avute inhela yake mbele yako. Nimeona watu waliotumia miaka mitatu wakipulizia dawa kwenye ulimi. Kama hana kifaa cha kuweka kati ya inhela na mdomo, chupa ya plastiki ya nusu lita hufanya kazi. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kwa watoto walioshikwa na pumu, chupa hiyo iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na kifaa cha kununuliwa. Muulize kama dawa ya kuzuia anaitumia kila siku. Muulize jikoni kwake wanapikia nini. Hayo yakishakaa sawa na dalili bado zipo, ndipo tarakimu za pikifloo za wiki mbili na swali la usiku vinapopata maana, na ndipo unapomshika kifundo cha mkono na kuhesabu pumzi.

Na kama ni upumuaji? Hebu wekeni mkono mmoja kifuani na mwingine juu ya kitovu, wote, hata ninyi waganga wafawidhi. Fungeni midomo. Vuteni kidogo tu kwa pua, pumzi ndogo, mkono wa chini ndio uinuke. Toeni polepole. Sasa msivute haraka. Ngojeni hadi pumzi ijiite yenyewe. Ule mwanya mliousikia kabla ya pumzi iliyofuata ndio ambao mgonjwa wangu alikuwa ameupoteza. Lugha yetu inaujua zamani: pumzi na pumzika ni maneno ya mzizi mmoja.

Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Uingereza kwa watu wazima 655 wenye pumu. Baadhi walifundishwa mazoezi ya upumuaji ana kwa ana mara tatu, baadhi walipewa DVD na kijitabu, baadhi waliendelea na huduma ya kawaida. Baada ya mwaka mmoja, waliofundishwa kwa njia zote mbili walikuwa na maisha bora kuliko wasiofundishwa. Na mapafu yao? Vipimo vya mapafu na vya uvimbe wa njia za hewa havikubadilika. Isomeni habari hiyo kwa macho yote mawili: mazoezi yanafaa, na mazoezi hayatibu pumu. Atakayewaambia waache dawa ya kuzuia kwa sababu wamejifunza kupumua, msimsikilize, hata akiwa amevaa koti jeupe.

Mwalimu wangu alifanya mazoezi yale dakika kumi, mara mbili kwa siku, kabla ya kengele na baada ya kuosha vyombo. Baada ya wiki nane alama zake zilikuwa 19, na ile inayokosekana hadi 20 ananiambia ni ya moshi wa kuni nyumbani kwa mama mkwe. Daftari lilisomeka 395, 400, 390, vilevile kama mwanzo. Alikuwa ameongeza safu ya tatu kwa kalamu nyekundu, safu ambayo mimi sikumwagiza: mara ngapi kwa siku ameshusha pumzi ndefu. Ilianza na 41, na ukurasa wa mwisho ulikuwa na 6. Dozi ya beklometasoni sikuigusa hadi miezi mitatu ya utulivu ilipotimia, kisha nikaishusha hatua moja, naye akarudi kufundisha kusoma kwa sauti yake mwenyewe.

Kliniki ya mwezi ujao tutahesabu pamoja. Wenye saa za mshale wa sekunde, naomba mje nazo, kwa sababu ile ya ukutani imesimama tangu Pasaka.